Papa Alivyomsemea Roza

Wiki tatu zilizopita nilisikia sauti yake kazini. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Minneapolis, ghorofa ya pili, ambako kila chumba kina televisheni inayowaka tangu asubuhi kama taa. Nilikuwa nimeinama nikimvalisha bibi mmoja soksi, zile za kubana zinazozuia miguu isivimbe, niliposikia mwanamke akicheka nyuma yangu. Kicheko kizito, cha kooni, kama cha mtu aliyetoka kukohoa. Sikuhitaji kugeuka. Bibi akaniambia kwamba huyo alikuwa mwigizaji mkubwa enzi zake, na kwamba yeye na marehemu mumewe hawakukosa hata picha yake moja ya sinema. Nikamwambia namfahamu. Akashangaa, msichana kama mimi nimfahamu vipi mtu aliyeacha kuigiza kabla mama yangu hajazaliwa. Nilimaliza soksi ya pili, nikaomba ruhusa kana kwamba nakwenda kuchota maji, nikasimama katika chumba cha mashuka machafu mpaka picha ile ilipokwisha.

Jina lake halisi sitalitaja. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya boksi la sinema zake tulilopewa nikiwa mtoto, lakini Papa alisema linamkwama mdomoni, akambatiza Roza.

Tulifika Columbia Heights, kando ya Minneapolis, mimi nikiwa na miaka minane. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, katika familia iliyotoka upande wa Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na sikujua mahali pengine. Wenzangu mliofika hapa na umri kama wangu mnakumbuka mwaka ule wa kwanza: koti kubwa lililonuka nyumba ya mtu mwingine, ngazi za zulia zilizonuka mbwa na mchuzi wa majirani, jua kali nje ya dirisha lisilopasha joto kitu chochote. Papa alipata kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mama alisafisha vyumba hotelini. Walikuwa wakipishana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa, na maneno yao yalikuwa ya sufuria na funguo. Mboga ya sombe iko kwenye jiko. Umefunga dirisha? Basi limechelewa.

Kambini Papa hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa na kibanda cha video, jenereta moja, mabenchi ya mbao, na yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri. Anasimama kando ya televisheni, anapunguza sauti ya Wazungu au Wachina, anawasemea wote: mwanamume, mwanamke, mtoto, mbwa. Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha. Nilikuwa nikitembea kambini watu wanasema, yule binti wa mtafsiri. Hapa hakuna aliyemjua. Kiwandani aliitwa kwa namba ya mashine yake.

Boksi lililetwa baridi ya tatu tangu tufike, na mama mmoja Mzungu wa kanisani, yule aliyetuletea makoti. Mama yake alikuwa amefariki, alikuwa akigawa vitu vya nyumba, na katika kapu la vyombo alitia boksi la picha kumi za Roza. Nadhani hata hakujua kama lilikuwemo. Papa alilifungua kwa uangalifu kama mtu anayefungua barua. Alizitandaza diski zote mezani, akatazama picha za kwenye makaratasi yake, akaanza kuzipanga. Hakusoma miaka iliyoandikwa nyuma. Alizipanga kwa uso wa Roza, kutoka aliye mdogo hadi aliyezeeka.

"Huyu mwanamke," akaniambia, "maisha yake yote yako hapa."

Mimi nikamwamini neno kwa neno. Nilidhani Roza ni mtu aliyefuatwa na kamera tangu usichana wake mpaka uzee. Nilidhani kulikuwa na mtu mwenye kazi hiyo, wa kutembea nyuma yake. Picha za mwanzo hazikuwa na rangi, nami nikaona sawa kabisa, maana alikuwa maskini.

Jumamosi mchana, siku ambayo wote wawili hawakwenda kazini, majirani wa Kikongo walianza kuja. Mama Solange wa chini yetu alikuwa wa kwanza, akaleta mwenzake, na mwenzake akaleta wengine. Walivua viatu vya theluji mlangoni, chumba kikanuka soksi na chai ya tangawizi. Papa alivaa shati la kola. Alisimama kando ya televisheni, akabonyeza sauti mpaka sifuri, akakohoa kidogo.

Katika picha ya kwanza Roza alitokea mara mbili tu. Alikuwa mtumishi, anapita na sinia nyuma ya bibi mwenye mkufu. Mama Solange alimwangalia yule bibi, kama alivyotakiwa na waliotengeneza picha.

"Msimwangalie huyo," Papa alisema. "Mwangalieni yule wa sinia. Hadithi ni ya yule."

Basi kwa saa moja na nusu tuliingoja sinia ipite tena, na Papa akatueleza yule msichana katoka wapi, kwa nini kaondoka kwao, kwa nini hamtazami mtu machoni. Ilipopita mara ya pili, mama mmoja alifuta machozi. Picha ya pili Roza alisimama karibu zaidi na kamera. Ya tatu alikuwa mbele kabisa, ameolewa na askari, na kuanzia hapo hakuna aliyesimama mbele yake tena kwa miaka mingi. Kila picha alikuwa na mume mwingine, na Papa alimpa kila mume sababu. Huyu kafa vitani. Huyu ni wa kulazimishwa na shangazi. Huyu si mume, ni mwanasheria anayemsaidia kutafuta. Nywele zikiwa fupi, alizikata kwa ajili ya safari. Akivaa manyoya ya mnyama mabegani, kapata kazi ya maana, lakini angalieni macho, bado anatafuta.

Alichokuwa akitafuta tulikijua katika picha ya nne.

Kulikuwa na kituo cha treni, moshi mwingi, watu wakisukumana. Roza kashika mkoba. Mtoto wa kike mwenye kofia anapita karibu naye, anamezwa na watu. Kisha anakuja mwanamume mwenye koti refu, anamwambia Roza jambo, na Roza anageuza uso, anafunika mdomo kwa kiganja. Kamera ikamkaribia mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

Papa alikuwa na sauti nyingi, lakini yule mwanamume hakumpa hata moja kati ya hizo. Alimpa sauti yake mwenyewe.

"Nilifikiri umemshika wewe," akasema.

Kioo kilionyesha uso wa Roza kwa muda mrefu. Papa akamsemea Roza, polepole.

"Nami nilifikiri umemshika wewe."

Mama alikuwa jikoni akichambua maharage. Sikumsikia akija. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni, maharage yamo kiganjani, na hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akimtazama Papa. Papa naye hakuthubutu kuondoa macho kwenye kioo.

"Na mtoto?" Mama Solange aliuliza. "Mtoto amekwenda wapi?"

"Mtoto yupo," Papa alisema. "Kuna picha sita bado."

"Atampata?"

"Kuna picha sita bado, mama."

Kuanzia siku ile Mama hakukaa jikoni Jumamosi. Alikaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango, mikono mapajani. Mimi sikuona ajabu. Nilidhani kanogewa na hadithi kama sisi. Katika wiki, wakipishana mlangoni, nilimsikia mara moja akimwuliza Papa, "Mwanasheria yule ni mtu mzuri?" Papa akajibu, "Anajitahidi." Wakacheka kidogo, wote wawili. Sikuwa nimewahi kusikia mama yangu akicheka na Papa. Watu wote walimwita Mama Furaha, na mimi ninaitwa Riziki, na nilikuwa nimelielewa jina hilo kwa akili zangu za kitoto: nilidhani ni jina la utani, kama vile mtu mnene anavyoitwa Kembamba. Mama hakuwa mtu wa kucheka, ndiyo maana wakamwita hivyo.

Roza mwenyewe nilikuwa na hakika anaishi Saint Paul, mji jirani. Nyumba zake zilikuwa na nguzo na ngazi pana, na nyumba za namna hiyo niliziona ng'ambo ya mto siku shule ilipotupeleka huko kwa basi. Kila nikiona mwanamke mzee mwenye mkoba kwenye kituo cha basi, nilimchunguza. Nilikuwa nimeandaa la kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto yupo, Papa kasema.

Kiingereza kilinijia ghafla. Wakati fulani nilikuwa nakaa darasani kama mtu aliye chini ya maji, na baada ya muda nikajikuta najua hata vichekesho vyao. Nilipotimiza miaka kumi na mmoja walinitoa katika darasa la wageni, mwalimu akanipa cheti chenye nyota. Nyumbani nikawa mdomo wa wazazi wangu. Nilisoma barua. Nilishika simu. Siku moja tulikwenda ofisi ya jengo kwa sababu bomba lilikuwa likivuja, na mama wa ofisini akamwuliza Papa kama sisi ndio tulioharibu. Papa akatabasamu, akasema ndiyo, ndiyo, asante. Nilimkatiza nikaeleza. Yule mama akaacha kumtazama Papa, akaanza kuzungumza nami tu, kana kwamba Papa ndiye mtoto niliyekuja naye. Nilitembea mbele yake kurudi nyumbani. Sikutaka tuonekane pamoja.

Jumamosi iliyofuata alikuja mgeni. Aliitwa Njeri, nesi wa Kikenya aliyekaa Brooklyn Park. Alikuwa amempa Mama Solange lifti, na Mama Solange akamvuta ndani aone sinema. Tulikuwa kwenye picha ya saba, Roza mahakamani. Njeri alikaa, akasikiliza, akatabasamu, akajizuia.

"Aki mzee," akasema hatimaye, kwa upole, "hawa watu hawasemi hivyo lakini. Si uongeze sauti kidogo tusikie?"

"Sauti ya mashine hii imeharibika," Papa alisema.

Ilikuwa uongo. Asubuhi nilikuwa nimetazama katuni na sauti yake ilikuwa nzuri tu. Baadaye Njeri alinikuta jikoni nikiosha vikombe, akaniambia kwa Kiingereza kwamba baba yangu ni mchekeshaji, anatunga kila kitu, hata jina la huyo mama si hilo. Alisema kwa kusifu. Leo najua alisema kwa kusifu. Wakati ule uso ulinichoma. Niliona kwamba kuna watu wanaojua, na mbele ya watu wanaojua baba yangu ni mtu anayetabasamu na kusema ndiyo, ndiyo, asante.

Wiki moja baadaye Mama Solange aliomba turudie picha ya nne. Dada yake alikuwa amefika kutoka Texas na hakuielewa hadithi bila kituo cha treni. Chumba kilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha nyuma. Mimi nilikuwa na rimoti, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kusimamisha picha Papa akitaka kunywa maji.

Kituo kikafika. Moshi, watu, mkoba, mtoto mwenye kofia. Mwanamume mwenye koti refu akafungua mdomo, na kabla Papa hajafungua wake, nikapandisha sauti.

Sauti ya kiume ikajaa chumbani, nyembamba kuliko nilivyotarajia. Kisha ya Roza, ile nzito ya kooni, kwa mara ya kwanza. Watu walishtuka kama vile maiti kazungumza. Nikasimamisha picha.

"Anasema treni imeondoka," nikawaambia. "Anasema mizigo imepelekwa hotelini. Roza anasema ana kichwa kinamuuma, anataka kulala. Basi."

"Na mtoto?" dada ya Mama Solange aliuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa na cheti chenye nyota. Nilisimama kando ya televisheni, upande wa pili kutoka kwa Papa, nikawaambia, "Hakuna mtoto. Yule ni mtoto anapita tu, Roza hata hamjui. Hakuna mtoto aliyepotea. Papa anatunga."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu ya yule. Mama Solange alipiga makofi, akasema, "Huyu mtoto ameshakuwa Mmarekani, ametukamata." Hawakuwa na ubaya. Walicheka kama watu waliofanyiwa mzaha mzuri na mtu wanayempenda. Nikafurahi kwamba wanacheka. Nikamtazama Papa nikitarajia hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa na majibu yake. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi hizo zianze, akaweka mikono juu ya magoti.

"Endelea," akasema. "Tutafsirie."

Nikatafsiri mpaka mwisho. Papa alisikiliza kama mwanafunzi, akitikisa kichwa, akiuliza neno hili na lile. Nilipomkumbuka Mama na kutazama nyuma, kiti chake kilikuwa kitupu. Nilidhani kaenda kulala. Alikuwa na zamu alfajiri.

Jumamosi zilizofuata mimi ndiye niliyetafsiri, na watu waligundua upesi kwamba Roza halisi hakuwa na mengi. Alikuwa na hasira kuhusu urithi. Alikuwa akichagua kati ya mwanamume huyu na yule, na picha iliyofuata akaitwa jina lingine na hakumkumbuka hata mmoja wao. Nilieleza kwamba ni watu tofauti, kwamba huyu ni mwigizaji na hii ni kazi yake, kwamba hakuna hadithi moja. "Sasa tumtazamie nini?" Mama Solange aliuliza. Wakabaki wanne, kisha wawili. Theluji ilipoyeyuka walikuwa wakikusanyika kwake, chini, kutazama tamthilia za Kinaijeria.

Picha ya kumi niliitazama peke yangu, na sauti juu. Ilikuwa ya rangi. Wote waliokuwa mbele walikuwa vijana nisiowajua. Roza alitokea katika karamu ya arusi, shangazi wa mtu, kapakwa rangi nyingi mashavuni. Alisema supu imepoa. Baadaye kidogo kamera ilimpita akiwa amekaa mezani peke yake, haikusimama. Alianza na sinia pembeni, akaishia na supu pembeni. Niliona inachekesha. Nilimsimulia Papa alipotoka kazini, akasema, "Ah, kumbe," akaenda kuoga.

Ilipita kama miaka miwili. Mama alianza kuumwa tumbo, tukaenda hospitali moja mjini, mimi nikiwa mkalimani maana yule wa simu hakuelewa Kiswahili chetu. Nesi alikuwa na orodha ya maswali na alikuwa akiandika kwenye kompyuta bila kututazama. Amewahi kufanyiwa upasuaji? Anavuta sigara? Amezaa mara ngapi?

"Mara mbili," Mama alisema.

Nikageuka. "Mama, anauliza watoto. Umezaa mara ngapi."

"Nimesikia. Mara mbili."

"Mara moja," nikamwambia nesi kwa Kiingereza, nikidhani Mama kachanganyikiwa.

Mama Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini namba alizijua. Alinishika mkono wa juu, hapa, kwa nguvu.

"Mwambie wawili," akasema. "Usinipunguzie."

Nikamwambia nesi wawili. Nesi akafuta, akaandika.

Alinieleza ndani ya basi, akitazama dirishani, kwa sauti ya kawaida ya kueleza bei ya vitu. Furaha alikuwa na miaka mitatu. Walifika ziwani alfajiri, watu wengi, milio nyuma yao, mashua mbili. Papa alimpandisha Mama kwa sababu alikuwa na homa na hawezi kusimama. Mama alidhani mtoto yuko mkononi kwa Papa. Papa alidhani amempandisha mtoto kwanza, yuko miguuni kwa Mama. Mashua yao ilipofika katikati ndipo kila mmoja akamtazama mwenzake. Walirudi baada ya siku tatu, hawakukuta mtu. Waliuliza kambi zote. Kisha mimi nikazaliwa.

"Hatukuongea," Mama alisema. "Hata siku moja. Akianza, naondoka. Nikianza mimi, anaondoka. Miaka yote ile."

Basi lilisimama, watu wakashuka, wengine wakapanda.

"Halafu Papa yako akaanza na yule mwanamke."

Nilimwambia sikujua. Nilimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia. Kisha nikasema jambo la kijinga, nikamwuliza kama alikuwa akiamini kweli, kama alidhani yale ni maneno ya Roza.

"Mi si mjinga, Riziki," akasema. "Mzungu gani anaongea vile? Nilijua anatunga. Nilikuwa nangoja nisikie atasemaje. Kulikuwa na picha sita. Pengine angefika mahali akaniambia mtoto anakula, kuna mtu anamsuka nywele. Ningeitika. Na mimi ningemwambia langu." Alifungua mkoba, akatafuta kitu, hakukipata, akaufunga. "Ukapandisha sauti."

Hakunilaumu tena. Nilijaribu kurekebisha. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilidhani jambo kama hilo linarekebishika. Nilimwomba Papa atusimulie Roza, sisi watatu tu, bila sauti. Alisema amechoka. Nikaomba tena Jumamosi nyingine. Akaweka diski, akasimama kando ya televisheni na shati la kazini, mwanamume akafungua mdomo kwenye kioo, Papa akatazama, akatazama, mwisho akasema, "Anasema treni imeondoka. Mizigo iko hotelini." Aliyakumbuka maneno yangu kama nilivyoyasema. Mama akainuka akaenda jikoni.

Tulipohamia Brooklyn Park boksi halikuja nasi. Sijui nani aliliacha. Wazazi wangu bado wako pamoja, wanaishi vizuri, wanasalimiana, hakuna anayempigia mwenzake kelele. Mama anauguza mgongo. Papa sasa ni msimamizi kiwandani, Kiingereza chake kinamtosha kabisa, hahitaji mtu wa kumshikia simu. Kwenye mikutano ya jamaa hasimulii hadithi. Vijana waliozaliwa hapa hawaamini nikiwaambia kwamba huyu mzee aliyekaa kimya na sahani yake alikuwa akijaza kibanda kwa mdomo wake.

Jumapili baada ya siku ile ya kazini nilikwenda kwao. Nilimkuta Papa nje, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari ampeleke Mama kanisani. Nilichukua brashi nikaanza kufagia theluji juu ya paa la gari, upande wangu. Kisha nikamwuliza, kwa Kiswahili, nikijitahidi kisiwe na Kiingereza hata kidogo.

"Papa. Yule Roza. Picha ya mwisho, wewe ungesema nini? Angempata?"

Hakuacha kukwangua. Alimaliza upande wa dereva, akazunguka mbele, akapuliza vidole vyake. Nilidhani hakusikia. Nikataka kurudia.

Akanijibu kwa Kiingereza. Miaka yangu yote alikuwa hajawahi kunijibu kwa Kiingereza, hata pale mimi nilipokuwa nikimjibu kwa hicho tu. Alisema hakumbuki. Alisema vizuri, bila lafudhi nzito, kama anavyowaambia watu wa kazini. Kisha akanipa ufunguo, niwashe gari, Mama asije akakuta kiti baridi.